Hili Langu, Ile Yao

Daktari alimaliza kuandika kwenye kompyuta, akabofya mara ya mwisho, kisha akavuta droo ya meza.

Alitoa daftari. Daftari la kawaida la mistari, pembe za jalada zimekunjamana, kalamu imebanwa katikati. Alipekua kurasa, akasoma kidogo, halafu akageuza kiti na kumtazama shangazi yangu kwa mara ya kwanza tangu tuketi.

"Mama, yule mjukuu aliyekuwa anakunyima usingizi, siku hizi analala?"

Shangazi akacheka. "Analala, mwanangu. Kumbe unakumbuka!"

Hapo yakamiminika mambo ambayo muda wote wa kubofya hayakupata pa kuingilia. Kwamba usingizi umerudi ila kizunguzungu cha asubuhi kimezidi. Kwamba kile kidonge cha presha huwa anakiruka siku akiwa na safari, maana kinampeleka msalani kila baada ya muda mfupi. Daktari aliandika mistari mitatu kwenye daftari, akarudi kwenye kompyuta, akabadilisha saa ya kumeza dawa, akafunga.

Tulipoinuka nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini aandike mara mbili na mashine ipo mbele yake. Hakuudhika. Aligonga jalada la daftari kwa kidole.

"Hili langu, dada." Kisha akaelekeza kidevu kwenye skrini. "Ile yao."

Yao akina nani? Foleni ilikuwa inasubiri mlangoni, sikuuliza. Neno hilo likanikaa kooni kwa wiki kadhaa.

Kazi yangu mimi ni programu za kompyuta, ingawa si za hospitali. Kwetu, mtu akionekana na daftari pembeni ya mfumo tuliomtengenezea, tunasema hajafundishwa vya kutosha, tunampangia semina. Safari hii jibu hilo lilikataa kunishuka.

## Eti ni wabishi

Daktari akiukwepa mfumo wa kompyuta, maelezo yanayotolewa haraka kila mahali ni kwamba madaktari ni watu wa mazoea. Wamezoea kalamu, wamezoea kuamuru, hawataki kuchungulia kibodi. Subirini wazee wastaafu, vijana watakuja na mambo yatanyooka.

Maelezo haya yana raha moja: hayamdai muuza mfumo chochote.

Lakini watu hao hao ndio walioipokea mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, miaka ya 1970 kwa mikono miwili. Hakuna aliyewabembeleza. Ultrasaundi ilipoingia hawakuhitaji semina za kubadilisha mtazamo. Upasuaji wa kamera kupitia tundu dogo ulienea miaka ya 1990, na uliwalazimu madaktari bingwa, watu wazima wenye majina, kuanza kujifunza upya namna ya kushika vifaa vyao. Walijifunza. Kundi linalokimbilia mashine hii na kuikwepa ile haliogopi mashine. Linapima faida.

Tazama kilichotokea Los Angeles. Hospitali ya Cedars-Sinai ilianzisha mfumo wa kuagiza dawa na vipimo kwa kompyuta, na mwanzoni mwa 2003, miezi michache tu baadaye, ikausitisha kwa sababu madaktari waliukataa. Hii ni hospitali yenye fedha, katika mji ambao umeme si hadithi ya kila siku. Na malalamiko yenyewe hayakuwa ya kifalsafa. Agizo lililochukua muda mfupi kwa kalamu sasa lilikuwa linakula dakika, na skrini ilikuwa inawakatiza kwa maonyo yasiyoisha.

Dakika chache ni nini? Kwa mtu anayeona mgonjwa mmoja, si kitu. Kwa anayeona arobaini, dakika mbili za ziada kwa kila mmoja ni zaidi ya saa nzima, na saa hiyo inatoka kwa mtu fulani: kwa mgonjwa wa mwisho kwenye foleni, au kwa familia ya daktari.

## Faili lilikuwa la nani?

Mwaka 1968 daktari Mmarekani, Lawrence Weed, alichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine makala ya kuwasuta wenzake kuhusu maandishi yao. Mafaili yalikuwa rundo la karatasi zilizopangwa kwa tarehe: hapa jibu la maabara, pale sentensi ya muuguzi, kwingine mwandiko wa bingwa ambao yeye mwenyewe hausomi tena. Weed akataka kila faili lianze na orodha ya matatizo ya mgonjwa, kila tatizo na namba yake, na kila linaloandikwa baadaye lifungwe kwenye tatizo lake. Mgonjwa anasema nini, daktari ameona nini, anafikiri nini, atafanya nini. Madaktari wengi duniani wanaandika hivyo mpaka leo, hata wasiojua jina lake.

Na Weed hakuwa mtu wa karatasi. Aliona kompyuta mapema kabisa, akatumia miaka mingi kuijengea mfumo.

Kinachonivutia kwake ni kwamba hakuwa na shaka faili ni la nani. Lilikuwa chombo cha kufikiria. Daktari anaandika ili aone mawazo yake yamekaa wapi, na ili mwenzake wa zamu inayofuata aendelee alipoishia yeye. Mwandishi na msomaji walikuwa watu wa nyumba moja.

Kisha wageni wakaanza kufika. Kampuni ya bima ikataka msimbo wa kila ugonjwa na kila huduma, la sivyo hailipi. Mhasibu akataka kila bomba la sindano lionekane. Mwanasheria akataka ushahidi kwamba mgonjwa alielezwa. Wizara ikataka takwimu za mwezi. Mtafiti akataka majibu yanayofanana ili ayahesabu. Kila mmoja ana haja halali, na sitaki kuishi mahali ambapo wizara haijui watoto wangapi wameugua surua.

Ila hakuna hata mmoja aliyekuja na mkono wake wa kuandikia. Wote waliutumia ule ule.

Kwenye karatasi jambo hili lilikuwa na mpaka wa kimwili: fomu ikijaa, imejaa. Kwenye skrini hakuna mpaka. Kuongeza kisanduku kimoja ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu wa fani yangu, na aliyekiomba hatakijaza yeye. Huo ndio mwanzo wa maswali kumi na tano kabla mgonjwa hajasema kinachomuuma.

## Karatasi iliyorudisha kitu

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kuandika makala ya kuilaani kompyuta. Kilichonizuia ni hadithi mbili, moja ya zamani na nyingine si ya zamani sana.

Ya zamani ni ya Indianapolis, Marekani. Katika Taasisi ya Regenstrief, daktari aitwaye Clement McDonald alikuwa na swali la kichokozi: madaktari husahau mambo wanayoyajua kwa sababu hawajasoma vya kutosha, au kwa sababu ni binadamu? Akaiacha kompyuta isome kumbukumbu za wagonjwa kabla ya kliniki na kuchapisha ukumbusho mfupi: huyu anatumia dawa fulani na hajapimwa figo, yule kipimo chake kimepanda na dozi haijabadilishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1976. Madaktari walipopata ukumbusho walichukua hatua katika asilimia 51 ya matukio. Bila ukumbusho, asilimia 22.

Ni madaktari wale wale. Hawakuongezewa elimu yoyote. Walipewa karatasi moja kwa wakati unaofaa.

Ya pili ni ya magharibi mwa Kenya. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na Chuo Kikuu cha Indiana ulizaa mfumo mdogo wa kumbukumbu katika kituo cha afya cha Mosoriot mwaka 2001, na uzoefu wa huko ukachangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria inayotumika leo katika nchi nyingi. Muundo wao wa kliniki za VVU ungechekwa kwenye mkutano wa wauza teknolojia. Mtoa huduma hakugusa kompyuta. Alijaza fomu ya karatasi kwa kalamu. Karani ndiye aliyeingiza data. Mgonjwa aliporudi, faili lake lilikuwa na ukurasa mmoja uliochapishwa: muhtasari wa hali yake na, panapohitajika, ukumbusho kwamba kipimo cha CD4, kinachoonyesha nguvu ya kinga ya mwili, kimechelewa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwenye kliniki iliyopata ukumbusho huo, kipimo kilichochelewa kiliagizwa kwa asilimia 53, dhidi ya 38 kwenye kliniki ambayo haikuupata.

Kompyuta ilikuwepo katika hadithi zote mbili, lakini haikusimama kati ya mtu na mgonjwa wake. Ilikaa chumba cha pili na kufanya kazi ambayo mwanadamu hawezi kuifanya vizuri: kutochoka kukumbuka. Halafu aliyejaza fomu ndiye aliyevuna, yeye mwenyewe, mgonjwa yule yule aliporudi. Sijaona popote madaktari wakigombana na mfumo wa namna hiyo.

## Mkono mtupu haulambwi

Marekani ilichagua njia nyingine. Mwaka 2009, katikati ya mdororo wa uchumi, ilipitisha sheria ya HITECH na kumwaga mabilioni ya dola: daktari aliyethibitisha kwamba anatumia mfumo wa kielektroniki kwa vigezo vilivyowekwa aliweza kulipwa hadi dola 44,000 kupitia bima ya serikali ya wazee, na baadaye asiyetumia akakatwa malipo.

Ilifanya kazi. Mwaka 2008 hospitali zilizokuwa na angalau mfumo wa msingi zilikuwa chini ya asilimia 10. Mwaka 2015 zilikuwa zaidi ya asilimia 80. Ukitaka mfano wa fedha za umma kubadilisha sekta nzima ndani ya miaka saba, huo hapo.

Lakini kilichonunuliwa kilikuwa matumizi yanayothibitishika, na matumizi huthibitishwa kwa visanduku vilivyojazwa. Mwaka 2016 ulitoka utafiti ambao watafiti wake waliwafuata madaktari 57 kazini, saa mkononi. Karibu asilimia 49 ya muda wao ilikwenda kwenye kompyuta na makaratasi. Kukaa uso kwa uso na wagonjwa kulipata asilimia 27. Na jioni wengi walibeba saa moja au mbili nyingine nyumbani. Wenyewe wanauita muda wa pajama.

Nilijaribu kujiambia kwamba haya ni maumivu ya kuzaa, yataisha. Uingereza ndiyo iliyonizuia.

Kule, madaktari wa familia walikuwa karibu wote wanatumia kompyuta kabla ya mwaka 2000. Serikali ilisaidia gharama, lakini kilichowavuta hasa kilikuwa kitu kidogo na cha kuchosha: cheti cha dawa za kila mwezi. Daktari wa familia ana mamia ya wagonjwa wa presha, sukari na pumu wanaorudia dawa zile zile, na kuandika upya kila cheti kwa mkono ni adhabu. Kompyuta iliichukua adhabu hiyo siku ya kwanza. Mengine yalifuata polepole.

Mwaka 2002, nchi ile ile, serikali ikazindua mpango mkubwa wa kuzipa hospitali zake mifumo ya pamoja iliyochaguliwa kutoka juu. Mwaka 2011 ikatangaza kuuvunja, gharama zikikaribia pauni bilioni 10.

Nchi moja. Taaluma moja. Vyuo vile vile vilivyowafundisha.

Sidhani kuna maelezo ya ukaidi yanayoweza kupita katikati ya matokeo hayo mawili. Waliopewa nafasi ya kuchagua chombo kinachowaondolea mzigo walikipokea wenyewe. Waliopelekewa chombo cha kuondoa mzigo wa mtu mwingine walikivumilia, na wengine hawakukivumilia.

## Lakini karatasi nayo si malaika

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu nilianza kulipenda daftari kupita kiasi.

Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, mafaili ya karatasi ya watu wengi yalizama au kupotea. Mtu anafika mji wa mbali, ana saratani, yuko katikati ya matibabu, na hakuna anayejua amepewa dawa gani wala mara ngapi. Waliokuwa wakitibiwa katika hospitali za maveterani wa jeshi walikuwa na hadithi nyingine: kumbukumbu zao zilikuwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa taifa zima, na ndani ya siku chache madaktari wa miji mingine waliweza kuzifungua.

Halafu kuna hadithi ya Harold Shipman, daktari wa familia wa Uingereza aliyehukumiwa Januari 2000 kwa kuwaua wagonjwa wake 15. Shipman alikuwa anatumia kompyuta. Baada ya mgonjwa kufa aliingia kwenye mfumo na kumtungia historia ya ugonjwa wa moyo, akiweka tarehe za miezi iliyopita. Alichokuwa hakijui ni kwamba mashine ilikuwa inahifadhi kimya kimya saa halisi ya kila maandishi. Upelelezi ulipofungua diski, tarehe za uongo na saa za kweli zilikuwa zimelala pamoja. Daftari lisingeweza kumsaliti kirahisi hivyo.

Na ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 1999, ile iliyokadiria kwamba watu kati ya 44,000 na 98,000 hufa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kwa makosa ya kitabibu, ilielezea hospitali za enzi ya kalamu. Wapo waliobishia hesabu hizo. Hakuna aliyebisha kwamba mwandiko mbaya wa dozi unaua.

Sasa nirudi kwenye ile mistari mitatu aliyoiandika yule daktari. Kizunguzungu cha asubuhi. Kidonge kinachorukwa siku za safari. Haya ni maarifa ya kitabibu, tena mazito, na yamefungiwa kwenye droo. Shangazi akianguka usiku na kupelekwa penginepo, au akimkuta daktari mwingine siku huyu yuko likizo, mfumo utasema anameza dawa zake zote kama alivyoandikiwa. Daktari mgeni ataona presha imepanda na kuongeza dozi kwa mtu ambaye tatizo lake halikuwa dozi.

Kwa hiyo daftari ni hatari. Na bado naona daktari alikuwa na haki ya kuwa nalo, kwa maana mfumo ulikuwa umempa kisanduku cha "anatumia dawa: ndiyo/hapana" na haukumpa mahali pa kueleza binadamu. Ukweli unakwenda panapopokewa.

## Vidonge 38 na nusu

Kuna tukio moja ambalo kila mtu wa fani yangu angepaswa kulisoma kabla ya kuruhusiwa kugusa programu za afya. Lilitokea mwaka 2013 katika hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na hospitali yenyewe ilikubali lielezwe hadharani.

Mgonjwa alikuwa kijana wa miaka 16. Alistahili kumeza kidonge kimoja cha antibiotiki, miligramu 160. Kwa kuwa alikuwa na uzito wa chini ya kilo 40, kanuni ilitaka dozi yake iandikwe kwa kila kilo ya uzito. Daktari akaandika hivyo, hesabu ikatoa miligramu 193. Hakuna kidonge cha 193. Mfamasia, akifuata kanuni, akamrudishia: tafadhali andika upya iwe 160. Daktari akarudi, akaandika 160.

Skrini ilikuwa bado kwenye kipimo cha miligramu kwa kilo.

Kompyuta ikazidisha 160 kwa kilo 38.6. Ikatoa vidonge 38 na nusu. Onyo likatokea, daktari akalipita. Mfamasia akapata onyo, naye akalipita. Roboti ikafungasha vidonge bila kukosea hata kimoja. Muuguzi, ambaye siku hiyo alikuwa amehamishwa kutoka wodi yake, alishangaa wingi huo, akaskani msimbopau, mfumo ukamjibu kwamba dozi ni sahihi.

Kijana alimeza vyote. Alipata degedege kali. Alipona.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi, na kinachonisumbua si lile kosa la kipimo. Ni yale maonyo mawili. Tathmini ya tafiti iliyochapishwa mwaka 2006 ilikuta kwamba maonyo ya usalama wa dawa hupitwa kati ya asilimia 49 na 96 ya mara yanapotokea. Sababu haifichiki: onyo la dozi kubwa mara 39 linakuja kwa sura ile ile, rangi ile ile, kitufe kile kile, na onyo kwamba dawa mbili hizi huenda zikaleta kichefuchefu. Mfumo unaolia kwa kila kitu umejikinga wenyewe mahakamani. Daktari umemwacha peke yake.

Muuguzi naye ndiye ninayemfikiria zaidi. Macho yake yalimwambia ukweli. Mashine ikamkanusha, na alikuwa amefundishwa kuiamini.

Nadhani hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema tatizo ni madaktari kutouamini mfumo. Imani si kitu cha kudai. Muuguzi yule aliamini.

## Mashine inayosikiliza

Miaka hii ya karibuni pameingia suluhisho linaloonekana kumaliza ubishi wote. Kipaza sauti mezani, akili mnemba inasikiliza mazungumzo na kuandika yenyewe. Daktari anamtazama mgonjwa. Mwisho anasoma, anarekebisha, anatia sahihi. Madaktari waliochoshwa na kibodi wanaipenda, na siwalaumu hata kidogo.

Shaka yangu iko upande wa msomaji. Tangu kunakili na kubandika kuwe rahisi, mafaili yamenenepa. Maelezo ya jana yanabandikwa leo, yakiwa na homa iliyokwisha juzi. Kwa mwandishi asiyechoka hata kidogo, sioni kitakachoyapunguza. Halafu bima itasema: kwa kuwa kuandika sasa ni bure, tuongezeeni maswali matano. Gharama ya kuandika imeshuka. Gharama ya kusoma iko pale pale, na anayesoma ni mtu wa zamu, akiwa na usingizi.

Kuna msomaji mmoja ambaye nilikuwa sijamweka kwenye hesabu mpaka karibu nimalize makala hii. Mwaka 2010 madaktari 105 wa huduma za msingi huko Boston, Pennsylvania na Seattle walikubali jaribio lililowatisha: kuwaachia wagonjwa wao wasome maelezo ya kila ziara, neno kwa neno, mtandaoni. Walihofia simu zisizoisha na wagonjwa waliochanganyikiwa. Baada ya mwaka, asilimia 99 ya wagonjwa waliojibu walitaka iendelee, na walipoambiwa yeyote anaweza kujitoa, hakuna daktari aliyejitoa. Tangu Aprili 2021 kumpa mgonjwa maelezo yake bila kumchelewesha ni kanuni ya taifa kule Marekani.

Baadhi ya madaktari wale walibadilisha namna wanavyoandika. Maneno makavu kuhusu uzito au akili ya mtu yakalainika. Wengine wanalalamika kwamba ukweli nao unalainika, na huenda wana hoja, kwa sababu kuna mashaka ambayo daktari anahitaji kuyaandika kabla hajawa tayari kumwambia mgonjwa. Hilo sijalimaliza kichwani. Lakini mgonjwa ndiye msomaji pekee kwenye orodha nzima ambaye anaweza kusema, "Hapa mmeandika namaliza dawa zangu, si kweli," na kumfanya daktari afute.

Wapo marafiki zangu wanaotengeneza mifumo ya hospitali, na hupenda kunionyesha kazi zao. Siku hizi nawaomba kitu kimoja: nifungulieni faili la mgonjwa ambaye daktari hajawahi kumwona, saa nane ya usiku, nione kinachotokea kwanza kwenye skrini. Wengi huanza kwa kunifungulia ukurasa wa ripoti za mwezi.